Besi ya Landrova

Kaka yangu mdogo, Banze, tulimzika siku ya Alhamisi. Ijumaa mchana nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa matanga pamoja na wanawake wenzangu, magoti yananiuma, nikisikiliza wanaume wakimsifu kwenye kipaza sauti cha kukodi. Wapo waliosema alikuwa mcheshi, wapo waliosema hakuwahi kumnyima mtu chakula, na yote hayo ni kweli. Kisha akasimama mzee mmoja mwenye koti la kijivu, fundi umeme wa magari, akasema kwa Kiswahili chetu cha Kolwezi, ambacho "njo" ni ndiyo na "bafle" ni spika: "Banze njo alileta bafle za nyuma mu motoka za Kolwezi. Ile mwaka ya kufukuza Bakasai, kulikuwa Mukasai moja, fundi mukubwa, bantu yote banamusifu. Landrova ya Shefu ikamushinda! Anafungua, anafunga, besi hapana. Banze akaingiza mukono mara moja tu, besi ikalia mpaka mabati ya parseli ikatetemeka!" Watu wakacheka, wakapiga makofi, hata wajane wakatabasamu. Nimeisikia hadithi hiyo tangu nikiwa msichana. Banze mwenyewe aliisimulia kwenye harusi, kwenye ubatizo, kwa wateja waliokuja kuwekewa spika na kwa wale waliopita tu njiani, na kila mwaka ilizidi kunenepa. Lakini ndani yake mna uongo mmoja: kwamba ile Landrova ilikuwa na kosa. Haikuwa na kosa. Wa kuniambia ninyamaze hayupo tena, kwa hiyo naandika, na nikiandika kwa hasira mnisamehe, au msinisamehe, kwangu ni sawa.

Tulikuwa tukikaa Manika, kwenye parseli yenye nyumba mbili na jiko la nje. Nyumba ya nyuma ilikuwa yetu. Ya mbele ilikuwa chumba kimoja tu, na alipanga Tshibangu, aliyekuwa ameniposa. Chumba hicho nakifahamu mpaka leo kuliko ninachokilalia. Kulikuwa na meza iliyojaa matumbo ya redio, kitanda kilichobanwa ukutani ili meza ipate nafasi, na harufu ya risasi ya kuungia waya iliyoyeyushwa, ambayo iliingia mpaka kwenye mashati yake. Mimi nilikuwa na cherehani yangu barazani kwake kwa sababu mwanga wa pale ulikuwa mzuri, na Banze, aliyekuwa seremala, aliweka benchi lake uani, hatua chache kutoka kwangu. Wote wawili walikuwa wamefanya kazi Kampuni. Banze aliachishwa pale mgodi ulipoanza kufa na mabasi ya wafanyakazi yakakoma kupita asubuhi. Tshibangu aliachishwa baadaye kidogo, na kwake hawakusingizia mgodi. Waliangalia jina lake tu, jina la Kikasai. Hivyo wakajikuta uani, mmoja na randa na mwingine na waya, na ilipofika saa sita tulikula pamoja kutoka sahani moja kubwa: bukari, yaani ugali, na mboga za lengalenga, na siku njema bitoyo, yule samaki wa chumvi ambaye Tshibangu alimpenda mpaka akawa analamba vidole mbele ya mama yangu bila aibu. Mahari ilikuwa imekwisha kupokelewa, na mbuzi wake tulikuwa tumekwisha kumla. Padri alikuwa ametangaza majina yetu kanisani. Nilidhani kilichobaki ni kushona gauni.

Ndipo Shefu akaja na Landrova yake. Simtaji jina, na huko Manika hakuna aliyehitaji jina lake. Alikuwa mkubwa wa vijana wa mtaa, wale waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwaambia Bakasai, watu wenye asili ya Kasai, warudi kwao, hata kama kwao ni kaburi la babu aliyezikwa hapahapa Kolwezi. Landrova aliipataje, hakuna aliyeuliza. Ilikuwa ya aina ile ndefu, yenye turubai na mabenchi mawili ya chuma nyuma, watu wakikaa wanatazamana. Redio ya kaseti ilikuwa mbele, na spika mbili ndogo chini ya kioo, na injini ikiwaka hazisikiki kabisa. Shefu aliketi kwenye kiti chetu kizuri, akaikunja miguu, akasema: "Mi niko na furaha peke yangu mbele, bana bangu nyuma banasikia injini tu. Nataka bafle nyuma. Nataka besi iingie mu kifua ya muntu." Akamtazama Tshibangu, akacheka. "Banasema weye njo wa kwanza mu Kolwezi. Ni bibaya sana, fundi muzuri vile kuwa Mukasai." Mama yangu alimletea maji ya kunywa huku ameinama. Nilimchukia yule mtu tangu alipokaa, na nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa na adabu na alishukuru kwa maji.

Kazi ilikuwa ngumu kweli, na watu wanaosema Tshibangu alishindwa hawajui wanachosema. Landrova ya turubai haina ukuta wa kushikilia spika. Bati la pembeni ni jembamba, ukilikata na kupachika spika pale linapiga kelele lenyewe na muziki unapotea. Tshibangu alipima siku nzima na kipande cha kamba, kisha akaamua spika zikae chini ya mabenchi, kila moja kwenye sanduku lake la mbao, mdomo ukitazama katikati ya gari. Banze alitengeneza masanduku kwa mbao za mukwa, mazito, ameyaunganisha bila kuacha nafasi ya kupitisha hata unywele. Mimi nilishona vitambaa vyeusi vya kufunika midomo ya spika na mito ya kukalia juu ya mabenchi. Waya zilipitishwa chini ya zulia la mpira kutoka kwenye redio mpaka nyuma, na kwa kuwa zote zilikuwa za rangi moja, Tshibangu alimwambia Banze afunge uzi mwekundu kwenye kila waya wa chanya, wa kushoto na wa kulia. Zilikuwa siku nzuri, inanibidi niseme hivyo. Walikuwa wakitaniana. Banze alikuwa akimwita shemeji tayari, na Tshibangu akimjibu: "Shemeji, sanduku yako iko nzito, Landrova italala chini." Barabarani watu walikuwa wakipita na magodoro kichwani kuelekea stesheni, nasi uani tulikuwa tukicheka.

Siku moja Shefu alikuja kutazama kazi, nami nilikuwa jikoni. Nilimsikia akiongea na vijana wake huku akigonga sanduku kwa kidole. Mmoja aliuliza, bila hata kushusha sauti: "Shefu, huyu ye ataenda siku gani?" Shefu akajibu: "Wacha kwanza. Mpaka muziki ya mi iishe." Wakacheka wote, hata Tshibangu alicheka. Dada yake Tshibangu alikuwa amekwisha kutolewa nyumbani kwake juma lile na watoto wake. Walikuwa wamelala kwenye uwanja wa stesheni. Saa sita tulipokula, Tshibangu hakugusa samaki. Alisubiri mpaka Banze akaenda kunywa maji, akaniambia polepole: "Felisite, ulisikia? Muziki ikiisha, mi niliisha." Kisha akanieleza atakachofanya, na akanieleza kama mtu anayeeleza jambo la kawaida, kwa sababu kwa mafundi wa Kolwezi lilikuwa jambo la kawaida. Kila fundi aliacha kitu kidogo. Fundi wa saa aliacha mshipi umelegea, fundi wa baiskeli aliacha nati moja, ili mteja arudi, na mteja alijua, na alirudi. Ilikuwa kama salamu. Na mteja hakuwahi kugombana na fundi mwenye kazi yake mikononi. Hata watu wawili wenye kesi barazani wangesubiri mpaka suruali ishonwe ndipo waendelee kutukanana. Tshibangu aliiamini desturi hiyo kuliko alivyoamini serikali, na mimi niliiamini kwa sababu yake.

Alichofanya kilikuwa kidogo sana. Aligeuza waya za spika ya kushoto, wa chanya akauweka penye hasi, basi. Spika inapumua, alinieleza, inasukuma hewa na kuivuta. Ukigeuza upande mmoja, hii inasukuma wakati ile inavuta. Magitaa utayasikia, mwimbaji utamsikia, lakini besi za pande mbili zinakutana katikati na kuuana. Mtu anayekaa nyuma anasikia muziki usio na tumbo, na hajui kinachokosekana. Shefu alikuja, akapanda nyuma, akakaa kwenye mto niliomshonea, akasikiliza na uso umekunjamana. "Besi iko wapi?" Tshibangu akakuna kichwa. "Shefu, ampli iko na njaa ya kuran." Yaani ya umeme. "Tutaona batri." Akarudi tena baada ya batri. "Besi iko wapi?" "Shefu, sanduku bado iko na mbichi ndani, mbao inataka kukauka." Namna hiyo tulivuka masika, yeye akija na sisi tukimpa kiti, na katika kipindi chote hicho hakuna kijana aliyethubutu kugusa mlango wa mbele wa parseli yetu, wakati nyumba ya kulia na nyumba ya kushoto zilikuwa zimebaki matundu bila milango wala mabati. Tulikuwa tukiishi kwa kosa moja la waya. Niliamka kila asubuhi nikiwa na furaha na hofu kwa kiasi kilekile, na nilishona gauni langu.

Nawaulizeni, nilipaswa kumwambia Banze? Tshibangu alisema hapana. Alisema Banze akijua atacheka siku moja mbele ya Shefu, ana mdomo mwepesi, na ni kweli alikuwa nao. Kwa hiyo Banze alibaki akiona shemeji yake anafungua na kufunga, na nadhani ilimwuma kwa ajili ya masanduku yake. Watu walianza kusema labda mbao ndizo mbovu. Shefu naye alimtania: "Tata Banze, sanduku ya weye njo inakula besi yangu?" Banze alicheka, lakini nilimwona akilipiga randa benchi tupu mchana ule, bila ubao juu yake.

Jumapili moja baada ya misa, Tshibangu alienda stesheni kumpelekea dada yake chakula. Nilikuwa jikoni nasonga bukari, Shefu akaja bila taarifa. Nilisikia Banze akimwambia: "Ngoja kidogo, Shefu, mi niangalie." Nilidhani ataangalia masanduku yake tu. Nilisikia benchi likiinuliwa, kisha kimya, kisha kaseti ikawekwa. Halafu besi ikaja. Ilipitia ardhini, ikapanda miguuni mwangu. Vifuniko vya sufuria vikaanza kulia juu ya kabati. Nikaacha mwiko ndani ya bukari, nikatoka mbio. Shefu alikuwa amesimama nyuma ya Landrova akicheza, macho yamefumbwa, mikono juu, na vijana wake wanapiga makofi. Banze alikuwa amepiga magoti juu ya zulia la mpira, uso unang'aa jasho na furaha, furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu aachishwe Kampuni. "Felisite! Uzi mwekundu ilikuwa mahali mubaya! Njo ile tu!" Shefu akamvuta, akamkumbatia. "Bantu, muone! Mutoto ya kwetu njo alijua! Ule Mukasai alikuwa ananidanganya mi!" Nilipogeuka, Tshibangu alikuwa amesimama mlangoni mwa parseli na sahani tupu mkononi. Alisikiliza wimbo mpaka mwisho. Shefu akazima redio mwenyewe, akamwambia kwa sauti ya upole kabisa: "Fundi, muziki iliisha."

Kesho yake walikuja kumtoa. Hawakumpiga. Walimpa nafasi ya kufunga sanduku moja la nguo, na redio za watu zilizokuwa mezani wakazichukua wao. Niliwafuata mpaka stesheni nikilia waziwazi, na hakuna aliyenizuia wala aliyenitazama, maana siku zile kulia barabarani kulikuwa jambo la kila siku. Uwanja wa stesheni ulikuwa umejaa watu mpaka kwenye reli: waalimu, wauguzi, makarani wa Kampuni na bibi zao, wamelala chini ya mashuka yaliyofungwa kwenye miti, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Niliwapelekea chakula kila mchana, yeye na dada yake. Siku ya pili au ya tatu, alipomaliza kula, aliosha mkono polepole, akaniuliza bila kunitazama: "Banze alisikia peke yake, ao njo weye ulimuambia?"

Nilimwapia. Niliapa kwa Mungu na kwa mama yangu. Nikamweleza uzi mwekundu, kwamba Banze alifunga nyuzi zile kwa mikono yake mwenyewe na aliona moja iko upande usio wake. Akasema: "Nakuamini." Alisema upesi mno, kama unavyomwambia mtoto ili anyamaze. Nilimjua mtu huyo. Alikuwa akisikiliza spika iliyopasuka akajua imepasukia wapi, na sasa alikuwa akinisikiliza mimi, na alisikia kitu ambacho hakikuwepo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Shefu aliniondolea mchumba tu, mtu ambaye angeweza kurudi. Kilichokuwa kikiondoka pale mbele yangu ni imani yake kwangu, na mtu mmoja tu duniani angeweza kuirudisha, kwa maneno machache.

Nilirudi nyumbani, nikamwambia Banze kila kitu: waya, desturi, neno la Shefu, na swali la Tshibangu. Alikaa kwenye benchi lake. Alishtuka, sitamnyima hilo, alishika kichwa. Lakini alipoinua uso alisema: "Kumbe alikuwa anamuibia mukiriya." Yaani anamwibia mteja. Nikapiga magoti mbele ya kaka yangu mdogo, jambo ambalo si la kawaida kwetu, nikamwomba: "Banze, uende stesheni. Umuambie tu, 'Mi niliona peke yangu, Felisite hakusema kintu.' Ile tu." Akasema atakwenda kesho. Kesho Shefu alikuwa amemletea gari la rafiki yake, naye alitaka spika za nyuma. Kesho yake likaja lingine. Kila jioni nilimwuliza, na kila jioni alisema: "Treni haiko karibu, dada Felisite, wacha nimalize hii." Alikuwa amepata kazi tena. Watu walikuwa wakimwita fundi. Nadhani aliogopa kwenda kusimama mbele ya yule mtu na kumtazama usoni, na alificha hofu yake chini ya mabenchi ya magari ya watu. Namwelewa leo. Kumwelewa hakujanisaidia kitu.

Treni ilikuja asubuhi bila kupiga honi, mabehewa ya kubebea mawe ya shaba, wazi juu. Niliambiwa na mwanamke aliyekuwa akiuza maji, nikamtuma mtu mbio kwa Banze, mimi nikakimbilia stesheni. Tshibangu alikuwa amekwisha kupanda, amekaa juu ya sanduku lake, watoto wa dada yake wamemzunguka. Nilisimama chini, nikashika chuma cha behewa. Nikamwambia nitakwenda naye. Akasema: "Hapana. Bwako banakupenda hapa." Kwenu wanakupenda hapa. Sijui kama alisema kwa huruma au kwa uchungu, nimeyageuza maneno hayo pande zote maisha yangu yote. Nikamwambia: "Ngoja, Banze eko njiani, atakuambia." Akatikisa kichwa, akaniwekea mkono juu ya mkono wangu. Niliendelea kutazama nyuma, kwenye lango la stesheni, na kwa kutazama lango nilipoteza dakika zake za mwisho. Treni ikajivuta kuelekea Tenke. Baadaye watu waliniambia wamemwona Mwene-Ditu, huko Kasai, ana duka. Wengine wakasema hakupita Lubudi, kulikuwa na homa ndani ya mabehewa. Sikupata neno kutoka kwake, na nilipoolewa na mtu mwingine nilikuwa nimekwisha kuchoka kuuliza.

Banze alifika uwanja ukiwa umebaki na mashuka na sufuria zilizosahauliwa. Alikuja na Landrova. Shefu alimwazima aendeshe mwenyewe. Aliniona nimekaa kwenye reli, akashuka, akanishika bega, akasema: "Pole, dada. Kuko kazi mingi, nilitaka kwanza nimalize." Kwenye viti vya mbele alikuwa amepanga vifaa vyake, kwa hiyo nikapanda nyuma, nikakaa peke yangu kwenye mto niliomshonea Shefu, na masanduku mawili chini, moja kila upande. Tulipotoka langoni akawasha redio ili anifariji, maana hakujua njia nyingine ya kumfariji mtu. Tulipofika kwenye mteremko wa kuingia Manika akageuza kichwa na kuniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kusifiwa kidogo tu: "Unasikia besi huko nyuma?"

Nikamwambia nasikia.